SHULE ZETU: NANI HUZITAWALA, NANI HUZILIPIA, NAZO HUTUPA NINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama, Arusha)



Bwana Katibu aliponiandikia alinipa ruhusa kuchagua neno nipendalo, nami nimechagua shule za Serikali zilizo katika Jiji la Arusha na katika nchi iuzungukayo mlima Meru. Nimezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sisi makarani na watumishi wa ofisi ndio tuzishikao karatasi za shule hizo: barua, hesabu, majina ya watoto na majina ya walimu, yote hupita mikononi mwetu. Pili, katika mazungumzo yetu ya jioni husikia lawama nyingi juu ya shule hizo, walakini wanaolaumu si wengi wajuao jinsi zinavyoendeshwa. Si vema mtu kuhukumu kesi asiyoisikiliza.

Nitasema juu ya mambo manne: asili ya shule zetu, utawala wake, fedha zake, na matunda yake. Mwisho nitaomba ruhusa kutaja yanayotupasa sisi wenyewe.

I. ASILI YAKE

Shule katika mlima huu hazikuanzishwa na Serikali. Wamisheni wa Kilutheri wa Leipzig walifika Meru mwaka 1896, na wawili wao wakauawa huko Akeri. Wenzao hawakukata tamaa. Walirudi wakajenga Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru katika nchi ya Waarusha mwaka 1904. Zamani za Wadachi, na hata Waingereza walipokuja, kijana wa mlimani aliyetaka kusoma alikwenda kwa misheni. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 Serikali ya Waingereza ilitengeneza utaratibu wa kuzisaidia shule za misheni kwa fedha, kwa sharti la kukaguliwa. Lakini elimu ya siku zile iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Shule ya bweni ya watoto wa Kizungu ilifunguliwa mjini Arusha mwaka 1934, na Shule ya Sekondari ya Ilboru, iliyoanzishwa na misheni kwa ajili ya Waafrika, haikuanza mpaka mwaka 1946.

Baada ya Uhuru ubaguzi ule uliondolewa. Mwaka 1967 Azimio lilitangazwa katika mji wetu huu, na mwezi wa Machi mwaka ule ule Mwalimu Nyerere akatoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za misheni chini ya mkono wa Serikali, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi.

Nayataja haya, Bwana Mwenyekiti, ili tukumbuke jambo moja. Tangu mwanzo shule ya mlimani ilikuwa na wazazi wawili: mkubwa aliyeleta mwalimu na sheria, na wenyeji waliobeba mawe na mchanga, wakatoa na fedha ya kahawa. Watu wa Meru hawajapata kuwa wageni wa kuchanga. Mwaka 1951 walipoondolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, walichanga fedha zao wenyewe, hata mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuinena habari yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu walioweza kufanya hivyo hawawezi kuambiwa leo kwamba hawajui maana ya mchango.

II. UTAWALA WAKE

Mzazi akiulizwa, "Shule hii ni ya nani?" hujibu upesi, "Ya Serikali." Ni kweli, lakini Serikali ina nyumba nyingi.

Nyumba ya kwanza ni Wizara ya Elimu, ambayo kazi yake ni sera, mitaala na ukaguzi wa ubora; na chini yake yupo Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Nyumba ya pili ni ofisi inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambayo wote huiita TAMISEMI. Hiyo ndiyo inayoziendesha shule zenyewe kwa mikono ya Halmashauri. Nyumba ya tatu ni Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ishughulikayo na usajili wa walimu, vyeo vyao na nidhamu yao. Mshahara wa mwalimu nao hutoka Hazina.

Katika eneo letu Halmashauri ni tatu: Halmashauri ya Jiji la Arusha; Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, inayolizunguka Jiji; na Halmashauri ya Wilaya ya Meru, yenye makao yake Usa River. Hizi mbili za mwisho zilikuwa moja, yaani Arumeru, mpaka zilipotengwa mwaka 2007. Kila Halmashauri ina Mkurugenzi, na chini yake Afisa Elimu wa shule za msingi na Afisa Elimu wa sekondari. Kisha kila kata ina Afisa Elimu Kata. Madiwani tuliowachagua huketi kuyapima mambo ya elimu pamoja na ya afya na maji. Na chini kabisa, mlangoni pa shule, iko Kamati ya Shule kwa shule ya msingi, na Bodi kwa sekondari. Katika Kamati ya Shule wazazi ni wajumbe, na Mwalimu Mkuu ndiye katibu.

Wako wanaouliza kwa nini tusifanye kama Marekani. Huko, katika majimbo mengi, wilaya ya shule ina baraza lake lililochaguliwa na wananchi, na sehemu kubwa ya fedha yake hutoka katika kodi ya nyumba na viwanja vya mahali pale. Baraza laweza kumwajiri mkuu wa shule zote na kumwondoa. Jambo hili lina uzuri wake, maana mlipaji amwona aliyelipwa. Lakini lina ubaya wake pia, maana penye nyumba za thamani shule hunawiri, na penye vibanda shule hudhoofika. Jirani zetu wa Kenya, tukivuka Namanga tu, wana njia nyingine: kwa Katiba yao ya mwaka 2010 serikali za kaunti zilipewa elimu ya awali na vyuo vya ufundi vya vijijini, lakini shule za msingi na sekondari zilibaki kwa serikali kuu.

Kwetu sisi Halmashauri huiendesha shule, lakini fedha nyingi na mwalimu mwenyewe hutoka juu. Kodi ya maendeleo iliyokuwa ikitozwa kila mtu mzima ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa katika malipo ya umeme. Kwa hiyo Diwani wa Muriet au wa Ngarenanyuki hawezi kuwaambia watu wake, "Tuongeze kodi kidogo tupate madarasa mawili." Hana kodi hiyo mkononi. Halmashauri hubakiwa na ushuru wa masoko, wa mazao, wa leseni na mengineyo, na katika hayo barabara, zahanati na shule zote zangoja zamu.

III. FEDHA ZAKE

Mwaka 2001 Serikali iliondoa ada katika shule za msingi, na mpango wa MMEM ukafuata. Matokeo yake yalikuwa makubwa: katika nchi nzima watoto wa shule za msingi waliongezeka kutoka karibu milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Ili kujaza pengo la ada, iliahidiwa ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mtoto kwa mwaka, nayo siku zile ilikuwa karibu na shilingi 10,000. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na mwaka huo watoto wengi sana waliandikishwa darasa la kwanza. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa pia.

Sasa tazameni hesabu. Shilingi 10,000 zile ziliendelea kuwa 10,000. Mwaka 2002 dola moja ilipatikana kwa karibu shilingi 1,000; siku hizi yapita 2,000. Ruzuku haikupunguzwa na mtu yeyote kwa kalamu, lakini imepunguzwa na soko. Tena katika Waraka ule, kati ya shilingi 10,000 za mtoto wa shule ya msingi, 4,000 zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikawa za kupelekwa shuleni. Kwa sekondari ruzuku ilikuwa shilingi 25,000, na nusu yake ndiyo iliyokuwa ya kwenda shuleni.

Mniwie radhi niseme habari iliyonipata mimi mwenyewe. Niliitwa katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya mlimani, ambayo sitaitaja, nikaombwa kuisoma karatasi ya hesabu kwa kuwa mimi ni karani. Watoto walikuwa 612. Nikasoma kwa sauti: ruzuku ya mwaka, shilingi 3,672,000. Watu wakaguna, maana ni fedha nyingi masikioni. Mzee mmoja alisimama akasema, "Milioni tatu na zaidi, na choo cha watoto kimebomoka?" Mwalimu Mkuu akainamisha kichwa, na watu wote wakamtazama kama mwizi.

Ndipo bibi mmoja, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya mjukuu wake, akaniuliza, "Baba Karani, hiyo kwa mtoto mmoja, kwa mwezi mmoja, ni ngapi?" Nikachukua kalamu. Shilingi 6,000 kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 500. Nikamjibu, "Mia tano, bibi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mjukuu wangu apewa daftari moja kwa mwezi, na ndani ya daftari hilo mwamtaka Mwalimu anunue chaki, atengeneze choo, apige chapa mitihani na kununua mpira." Mkutano ukanyamaza. Yule mzee aliyesimama akaketi.

Bwana Mwenyekiti, mimi nimekaa na hesabu miaka mingi, nami sikuwa nimeifanya hesabu ile ya bibi. Nilikuwa nikijumlisha, yeye alijua kugawanya.

Sitaki mtu afikiri kwamba Serikali haitoi kitu zaidi. Mishahara ya walimu ndiyo sehemu kubwa kupita zote, nayo haimo katika ruzuku hiyo. Mwaka 2021, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliopatikana wakati wa maradhi ya korona, nchi nzima ilijengewa madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Imekuja pia miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Lakini watu nao huongezeka. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442. Ile ya mwaka 2022 ilikuta watu 617,631. Hao walioongezeka, zaidi ya laki mbili katika miaka kumi, hawakukaa Sekei wala Themi palipojaa zamani; wengi wamejenga pembezoni, na watoto wao wanahitaji madarasa katika kata ambazo jana zilikuwa mashamba.

Na liko jambo la michango. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku kuwatoza wazazi michango mashuleni, maana watoto wa maskini walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa fedha, na hilo lilikuwa dhuluma. Mchango wa hiari haukukatazwa. Lakini ninyi mwajua yaliyotokea katika shule nyingi: aliyekuwa akitoa kwa kulazimishwa aliacha, na aliyekuwa akitoa kwa kupenda naye akaacha, akisema, "Elimu ni bure." Mlinzi wa shule hana wa kumlipa, chungu cha makande cha adhuhuri hakina mahindi, mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri anasoma hesabu ya saa nane akiwa na tumbo tupu. Sheria imeuondoa mzigo uliokuwa ukimwonea maskini, na ilifanya vema. Lakini mzigo haukutoweka. Umewekwa chini njiani, na kila mpita njia auruka.

IV. MATUNDA YAKE

Shule hupimwa kwa mitihani: darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne. Nasema, mtihani ni mizani ya halali, lakini mizani hupima kile tu kilichowekwa juu yake.

Mwaka 2012 matokeo ya kidato cha nne yaliishtua nchi: watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Tume iliundwa, na mwaka 2013 matokeo yalipangwa upya. Sababu zilizotajwa na watu zilikuwa nyingi, na moja wapo tunaijua sote: sekondari za kata zilijengwa upesi kuliko walimu walivyopatikana. Tena mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akafundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mwalimu wake naye akitafuta maneno. Mtoto huyo apimwa hesabu na lugha pamoja, na akianguka hatujui ni wapi alipoteleza.

Zamani magazeti yalipiga chapa majina ya shule kumi za kwanza na kumi za mwisho. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kuzitangaza shule bora na watahiniwa bora. Wengine walinung'unika, mimi nilifurahi. Shule ya Ilboru huchaguliwa vijana wenye akili kutoka nchi nzima. Shule ya kata hupokea kila aliyetumwa kwake. Kuwashindanisha hao wawili ni kama kumsifu mkulima wa Poli mwenye mfereji na kumcheka wa Oldonyosambu asiye na mvua. Kama twataka kujua kazi ya mwalimu, tuulize mtoto aliingiaje, na ametokaje.

Na kuna mabadiliko makubwa zaidi mbele yetu. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake ni kwamba mtoto hatabaguliwa tena na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Ni neno jema. Lakini madarasa yaliyomaliza miaka saba yatakutana mlangoni na yale yaliyomaliza sita, nao watagonga mlango wa sekondari pamoja. Nani ameshayahesabu madawati katika kata yake?

V. YANAYOTUPASA SISI

Nafika mwisho, nami nitasema neno lisilopendeza, nikianza na nafsi yangu.

Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka shule ya kulipia ifundishayo kwa Kiingereza. Sikumwuliza mtu, maana wenzangu ofisini wote walifanya hivyo. Mtoto wa pili fedha haikutosha, akaenda shule ya Serikali. Ndiyo maana nilikuwako katika mkutano ule niliowaeleza. Kama mshahara ungalitosha, nisingalijua chochote kuhusu choo kile. Mkutano ulipokwisha mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Karani, ninyi mwapika chungu msichokila." Sikupata jibu la kumpa, na hata leo sina.

Simlaumu mzazi anayetafuta mema kwa mtoto wake. Lakini yatupasa kuiona hatari. Shule ambayo watoto wa watumishi wa Serikali hawasomi ni shule ambayo barua zake hazijibiwi upesi. Hakuna aliyekusudia uovu. Ni kwamba hakuna aliyeumwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Basi naomba Chama kiyafikiri mambo matatu, wala hakuna moja lihitajilo kibali wala fungu la fedha.

La kwanza, kila mwanachama, hata kama mtoto wake asoma kwingine, ahudhurie mkutano wa wazazi wa shule ya Serikali iliyo karibu na nyumba yake, walau mara mbili kwa mwaka.

La pili, mwanachama aliye fundi wa hesabu ajitolee kuisaidia Kamati ya Shule moja kusoma karatasi zake. Wajumbe wengi hutia sahihi wasichokielewa, si kwa ujinga, bali kwa kuwa tumeandika kwa namna ya kueleweka na sisi tu. Fedha iliyopokewa na iliyotumika ibandikwe katika ubao wa matangazo wa shule kwa Kiswahili chepesi, na chini yake igawanywe kama alivyoigawanya bibi yule: kwa mtoto mmoja, kwa mwezi mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lisilosomeka ni ndugu wa daftari lisilokuwako.

La tatu, katika mchango wa hiari tuwe wa kwanza kutoa, tutoe kwa stakabadhi na kwa njia iliyoruhusiwa, na tuwe wa kwanza kumtetea mtoto ambaye mzazi wake hana. Mchango wa hiari utarudi watu watakapoona kwamba hauna fimbo nyuma yake, na kwamba hesabu yake imesomwa hadharani.

Bwana Mwenyekiti, sina kipimo cha kujua shule zetu zitakuwaje miaka kumi ijayo. Najua tu kwamba choo cha shule ile kilijengwa upya. Haikuwa ruzuku, walikuwa wazazi, baada ya mkutano ule, kila mtu kwa uwezo wake: huyu mchanga, huyu mabati mawili, na yule mzee aliyeketi kwa haya alileta siku tatu za kazi ya mikono yake. Bibi alileta kuku wa kuwapikia mafundi. Mimi nilileta saruji mifuko miwili, na kwa mara ya kwanza Mwalimu Mkuu aliniita mzazi, wala si karani.

Nimekwisha. Kama nimekosea katika hesabu, wenzangu wa hesabu wanisahihishe. Kama nimekosea katika maneno, mnisamehe.